Boliti Kuingia Si Breki Kushika

Mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu, kasi ya mtandao na umeme wa hapa Kisumu unaokatika mvua ikitishia tu. Leo mtanisamehe, nataka kuzungumza kuhusu breki za gari. Vumilieni hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni lile lile ninalolipigia kelele kila mara, ila safari hii lilikaribia kuua watu, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Nina jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mtaa mzima tunamwita Japuonj. Ana Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kwa wasioijua, hiyo ni gari ndogo ya michezo, milango miwili, boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Akipita nayo Kondele, vijana wa boda boda huzima pikipiki wasikilize mlio.

Gari hili si geni kwa historia yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na nafasi ya pili ikaenda kwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, wao pia wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda akiwa na Lofty Drews. Huyu Mehta alizaliwa Uganda, na baadaye akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kwa hiyo Japuonj akisema gari lake ni "mwenyeji", hajakosea sana.

Tatizo ni breki. Mbele 240Z ina diski, na kila diski inabanwa na kalipa yenye pistoni mbili, moja kila upande. Nyuma ina ngoma. Kwa mwaka 1972 hizo zilikuwa breki nzuri. Lakini gari lina zaidi ya miaka 50 sasa. Pistoni zimeshika kutu, raba za ndani zimekauka, na kalipa mpya za gari hili huzikuti ukitembea Kibuye Jumapili. Magari yaliyotumika yanayoingia Kenya kutoka Japani hayaruhusiwi kuzidi miaka 8, kwa hiyo hata spea zinazokuja na wimbi hilo ni za magari ya juzi. Datsun ya 1972 iko peke yake.

Kuna dawa moja ambayo wapenzi wa gari hili duniani wanaijua kwa miaka mingi: kalipa za Toyota Hilux. Si Hilux yoyote, bali zile za 4x4 za miaka ya 80 zenye diski mbele. Kalipa zake zina pistoni nne, mbili kila upande, na kwa bahati nzuri matundu yake mawili ya boliti yanalingana na yale ya 240Z. Toyota na Nissan ni washindani na hakuna aliyekaa chini akapanga hivyo, lakini yanalingana. Ile yenye maandishi S12+8 kwenye chuma chake inaingia kwenye diski nyembamba ya asili ya Datsun. Ile yenye S12W ni pana, imetengenezwa kwa diski nene yenye nafasi ya hewa katikati, kwa hiyo ukiitaka hiyo lazima ubadilishe na diski pia.

Na Hilux, ndugu zangu, ndiyo gari letu. Inabeba samaki kutoka Dunga, inabeba miwa, inabeba jeneza na waombolezaji. Hilux kuukuu zinavunjwa kila siku na spea zake zimejaa. Tukapata kalipa mbili za S12+8, tukabadilisha raba zake zote, tukazipeleka kwa fundi wetu wa jua kali. Alikata kidogo bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, akakunja upya paipu ya mafuta ya breki, akaweka boliti. Zikaingia zote bila kulazimisha. Fundi akacheka, akasema, "Japuonj, hii ni kama ilizaliwa hapa."

Hapo ndipo mimi, mtu wa programu, nilipaswa kuogopa.

Kwa nini? Kwa sababu nimewahi kuumia hivyo hivyo kwenye kazi yangu. Miaka iliyopita niliandika programu ndogo ya kuhesabu mapato ya samaki ya chama kimoja cha wavuvi huku ziwani. Nikatoa kipande cha kushughulikia tarehe, nikaweka kingine kilichoandikwa na watu wengine. Amri zilikuwa na majina yale yale, programu ikakubali, hakuna hitilafu iliyojitokeza. Kumbe kipande kipya kilihesabu Januari kama mwezi wa sifuri, na cha zamani kilihesabu Januari kama mwezi wa kwanza. Wavuvi wakapewa hesabu ya mwezi mwingine. Kiolesura kililingana, maana haikulingana. Matundu ya boliti ni kiolesura tu. Yanakuambia kwamba chuma hiki kinaweza kukaa hapa. Hayakuambii gari litasimama vipi.

Hebu tuingie kidogo kwenye hesabu, maana Japuonj asingeniachia niandike bila hesabu.

Kwanza, pistoni nne si mara mbili ya pistoni mbili. Kinachohesabika ni eneo la pistoni, na eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Kwa mfano, pistoni moja ya milimita 54 na pistoni mbili za milimita 38 zina eneo karibu sawa kabisa. Pima mwenyewe kwa venia kabla ya kujisifu. Faida ya pistoni nyingi ndogo ni kwamba zinasukuma pedi ndefu kwa usawa zaidi, ikashika uso wote badala ya kubonyezwa katikati tu.

Pili, mafuta. Eneo la pistoni likiongezeka, mafuta mengi zaidi yanahitajika kuzisogeza, na mafuta hayo yanatoka kwenye masta silinda, ile inayosukumwa na mguu wako. Ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8. Sisi baada ya kufunga kalipa tuliona pedali inashuka chini kuliko zamani. Sehemu ya kosa ilikuwa ngoma za nyuma ambazo hazikuwa zimekazwa vizuri, lakini hata baada ya kuzikaza Japuonj hakuridhika. Tukaagiza kutoka Nairobi masta silinda ya ndugu mdogo wa gari hili, Datsun 280ZX, ambayo ni ya inchi 15/16. Pedali ikapanda, ikawa ngumu na ya kuaminika. Lakini hakuna cha bure. Masta kubwa inapunguza mwendo wa pedali kwa takriban asilimia 13, na kwa mguu ule ule inapunguza shinikizo la mafuta kwa asilimia 13 hiyo hiyo. Ulichopata huku umelipa kule. Mtu anayekuambia ameweka masta kubwa ili breki "ziwe kali" hajakaa na kalamu.

Tatu, na hili ndilo lililomnunisha Japuonj: breki hazisimamishi gari. Tairi ndizo zinazolisimamisha. Breki zinasimamisha magurudumu tu. Kwenye lami kavu, gari la tairi za kawaida likitoka kilomita 60 kwa saa linahitaji kama mita 18 kusimama, na kama breki za zamani zilikuwa na uwezo wa kufunga magurudumu, basi kalipa za Hilux, za Land Rover au za ndege hazitapunguza mita hizo. Tulijaribu asubuhi mapema kwenye kipande cha lami kisicho na magari, kwa chaki na futi ya kupimia. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Mzee alisimama akiangalia ile chaki kama mwanafunzi aliyemwangusha.

Sasa faida iko wapi? Iko kwenye mteremko. Ukitoka Maseno kushuka Kisian unateremka takriban mita 350. Nishati ya mteremko huo ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa saa mara tisa mfululizo. Ukiweka gia ya chini injini inachukua sehemu yake, upepo nao unachukua kidogo. Kinachobaki chote kinageuka joto kwenye diski na ngoma zako. Hapo pedi kubwa inayoshika kwa usawa, raba mpya na pistoni zisizokwama zinakuwa na maana. Na mafuta ya breki yana maana zaidi, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa, nasi huku ziwani unyevu tunao wa kugawa. DOT 3 mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama puto, na pedali inazama. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi rahisi kuliko zote tulizofanya, na pengine ndiyo iliyosaidia kuliko zote.

Nne, uwiano wa mbele na nyuma. Ukiongeza nguvu mbele tu, magurudumu ya mbele yatajifunga kwanza. Hilo si baya sana, gari litakwenda moja kwa moja na usukani utakuwa bure mpaka uachie pedali. La kutisha ni nyuma kujifunga kwanza, maana gari linageuka kama mbwa anayefukuza mkia. Kwa hiyo tukipima hatukuangalia umbali peke yake. Mtu mmoja alisimama pembeni akitazama gurudumu gani linajifunga kwanza, kwenye lami kavu na kwenye lami tuliyoimwagia maji.

Basi, baada ya wiki tatu gari lilikuwa tayari. Breki zilikuwa nzuri kweli. Mimi nilikuwa nimeandika kila kitu: kipenyo cha kila pistoni, aina ya pedi, masta ya wapi, matokeo ya majaribio. Faili safi kabisa, yenye tarehe na toleo. Nikaihifadhi kwenye tarakilishi yangu nyumbani.

Mmeona kosa? Mimi sikuliona kwa miezi minane.

Mwezi wa tisa Japuonj alikwenda Homa Bay kwa mazishi ya mwenzake waliyefundisha pamoja. Akiwa kule breki zikaanza kupiga kelele, pedi zilikuwa zimeisha. Akaingia gereji moja ndogo. Fundi akauliza swali ambalo fundi yeyote mwema angeuliza, "Hii ni gari gani?" Japuonj naye akajibu ukweli, "Ni Datsun 240Z." Simu ikapigwa, na kwa muujiza pedi za 240Z zikapatikana kwa mtu aliyekuwa nazo, zikaletwa na matatu.

Hazikuingia, bila shaka. Kalipa ilikuwa ya Hilux. Fundi hakujua, na mzee alikuwa amesahau, au hakufikiri kwamba pedi nazo zinafuata kalipa wala si jina lililoandikwa nyuma ya gari. Fundi akafanya kile ambacho mafundi wetu wamefunzwa na maisha kufanya. Akachukua grainda. Akapunguza masikio ya pedi, akatoboa matundu mapya ya pini, akabana. Zikaingia. Barabara ya lami mbele ya gereji ni tambarare, wakajaribu, zikashika.

Japuonj alirudi kwa njia ya Kendu Bay na Katito, wajukuu wawili wakiwa kando yake, wamebanana kwenye kiti kimoja. Kufika Ahero, kwenye makutano, siku ya soko, watu wamejaa hadi barabarani, akakanyaga breki. Akasikia chuma kikisaga chuma, kisha pedali ikazama. Pedi moja ilikuwa imechomoka mahali pake, pistoni zikatoka kupita kiasi na mafuta yote ya mbele yakamwagika. Kilichomwokoa ni kwamba masta silinda ya gari hili ina vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, kila kimoja na njia yake. Ngoma za nyuma zikabaki na uhai. Alikanyaga hadi chini kabisa, akavuta breki ya mkono, na Datsun ikaingia polepole kwenye magunia ya mchele ya mama mmoja, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Alilipia gunia moja lililopasuka, na wale mama wakampa maji akae kivulini.

Aliponipigia simu hakuniuliza kitu kuhusu pedi. Alisema tu, "Wuoda, ile karatasi yako iko wapi?"

Nimefikiri sana kuhusu swali hilo.

Sasa maoni yangu, ambayo ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika. Kuna kambi mbili zinazobishana kuhusu magari ya zamani. Kambi ya kwanza inasema gari la asili libaki la asili, kuweka kalipa ya Hilux kwenye 240Z ni dhambi. Nawaheshimu, lakini siwezi kuwafuata. Gari lisilotembea kwa kukosa spea ni sanamu, na hata magari ya timu yaliyoshinda Safari hayakuwa yametoka dukani jinsi yalivyo. Kuazima kutoka gari jingine si aibu. Sisi watu wa programu huria tunaishi kwa kuazima. Hakuna anayeandika kila kitu kuanzia mwanzo.

Kambi ya pili ndiyo yetu wengi: ikiingia, imeingia. Nao nawaheshimu, maana nchi hii inatembea kwa mikono yao. Nisingependa mtu asome hadithi ya Homa Bay akasema fundi yule ni mjinga. Hakuwa mjinga. Alipewa habari za uongo na gari lenyewe. Nje liliandikwa Datsun, ndani lilikuwa nusu Toyota, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Aliyeficha ukweli huo ni mimi, niliyekuwa na faili nzuri mahali ambapo hakuna fundi atakayefika.

Mtanikatiza mseme fundi mwenye macho angeitambua kalipa ya Hilux. Pengine. Lakini usalama wa watoto wawili usitegemee kwamba kila fundi, kila mahali, kila siku, atakuwa na macho. Grainda haikupaswa kuwashwa, hilo nakubali, kwa sababu pedi inayokataa kuingia inakuambia kitu. Hata hivyo mimi niliyejua ndiye niliyekuwa na wajibu wa kusema kwanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Changanya spea upendavyo, lakini ukubali mambo mawili. La kwanza, breki ni mfumo mmoja kuanzia unyayo wa mguu hadi tairi, na ukigusa kimoja umegusa vyote, kwa hiyo pima kabla, pima baada, na pima kwenye maji. La pili, ukishachanganya, umetengeneza gari jipya ambalo halina kitabu duniani. Wewe ndiye mwandishi wa kitabu hicho. Usipokiandika, na usipokiweka ndani ya gari, kazi yako haijaisha hata kama boliti zote zimekazwa.

Juzi tulimaliza kazi. Chini ya boneti ya Datsun, mahali ambapo mtu hawezi kufungua masta silinda bila kukiona, kuna kibati cha alumini kilichopigwa ribiti. Fundi wetu alichonga herufi moja moja kwa nyundo. Kinasema:

BREKI ZA MBELE SI ZA DATSUN. KALIPA: HILUX 4X4, S12+8. PEDI: ZA HILUX HIYO. MASTA: 280ZX, 15/16. MAFUTA: DOT 4. ISIPOINGIA, USIKATE. PIGA SIMU.

Chini yake kuna namba ya Japuonj na yangu. Lile faili langu lenye tarehe na toleo nimelichapisha, likawekwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari. Lakini nakuambieni ukweli, kibati kile kina thamani kuliko faili lote.

Nami nimeanza kurudi kwenye programu zangu za zamani, moja baada ya nyingine, nikiandika juu kabisa ya kila moja ni kipi kilichoazimwa, kutoka wapi, na nini kitavunjika ukikibadilisha. Kazi inachosha na hakuna anayeilipia. Nikichoka nafikiria magunia yale ya mchele pale Ahero, halafu naendelea.

Kama nawe una gari lenye kalipa ya gari jingine, leo jioni kabla ya kula fungua boneti uangalie. Je, fundi usiyemjua ataelewa? Kama hapana, tafuta kibati.

Tuonane wakati mwingine, umeme ukituruhusu.